Maji Ndani ya Gari: Tutafute Tundu Kabla ya Kupaka Silikoni

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha katika mikoa ya Shinyanga na Geita, aghalabu mwezi Novemba, huanza pia malalamiko ambayo yamekwisha kuwa ya kawaida katika kila gereji. Gari limelala vioo vikiwa juu na milango imefungwa. Asubuhi mwenye gari anakanyaga kapeti na maji yanachuruzika kama nguo inayokamuliwa. Gari hupelekwa kwa fundi. Fundi hutazama mahali palipolowa, huagiza tyubu ya silikoni, huipaka kuzunguka kioo cha mbele, na gari hurudi nyumbani. Mvua ya pili ikinyesha, maji yamo. Fundi mwingine hupaka raba za milango. Mvua ya tatu, maji yamo. Hatimaye gari hupewa sifa ya kuwa gari la mkosi na huuzwa kwa hasara, tena kwa mtu ambaye haambiwi neno.

Mimi nashikilia kwamba katika jambo hili hamna mkosi wala muujiza. Lililopo ni mpangilio mbaya wa kazi, kwa kuwa dawa inatangulia swali. Nasema pia kwamba maarifa ya kulijibu swali hilo hayajaipungukia nchi hii. Yamo katika masomo ya fizikia na jiografia ya shule za sekondari, ambamo mwanafunzi hujifunza habari za mvuke, umande, kanieneo ya hewa na jinsi maji yanavyopanda katika vijia vyembamba. Kisha hutoka darasani, akalipita gari la shule linalovuja, asione uhusiano wowote baina ya vitu hivyo viwili.

Kuna watakaoona kwamba kapeti lililolowa ni usumbufu mdogo usiostahili kurasa za jarida la sayansi. Laiti wangelifunua kapeti hilo. Chini yake kuna sponji nene inayoweza kushika lita kadhaa za maji kwa majuma mengi bila juu kuonekana kitu. Chini ya sponji kuna bati la sakafu, ambalo huanza kuliwa na kutu kutoka ndani, mahali asipopaona mtu. Na pembeni mwa bati hilo hupita mafungu ya waya. Katika magari mengi ya siku hizi kifaa kinachoamuru mifuko ya hewa ya usalama kufunguka wakati wa ajali hufungwa sakafuni, katikati ya viti vya mbele, na viungo vya waya za mikanda na mifuko hiyo hupita chini ya viti. Maji yakiingia katika viungo hivyo, shaba huota ukungu wa kijani, taa za onyo huwaka katika dashibodi, na fundi wa umeme huanza kubadilisha vipuri vya bei kubwa ambavyo havina kosa. Yafaa tukumbuke kwamba gari lililonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi ndilo hilo hilo linalombeba mgonjwa usiku kutoka Nyarugusu au Rwamgasa kwenda hospitali. Likizimika njiani kwa sababu ya kiungo kilichooza, hakuna atakayekumbuka kwamba mambo yalianza na kapeti bichi.

Tuanze na hesabu, kwani wengi hawajui wingi wa maji tunayoyazungumzia. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kioo cha mbele cha gari la kawaida, pamoja na sehemu ya paa inayomwaga juu yake, tukikitazama kutoka juu, hupokea mvua katika eneo la mita ya mraba moja na nusu hivi. Mvua kubwa ya milimita 30 itamwaga hapo lita 45. Maji hayo yote hushuka katika mfereji ulio chini ya wipa, uliofunikwa kwa plastiki nyeusi yenye matundu. Iwapo sehemu moja tu katika mia itakosa njia ya kutoka na kuingia ndani, sakafuni patakuwa na karibu nusu lita kwa mvua moja. Mvua ishirini za namna hiyo zatosha kuharibu gari.

Hapa ndipo penye kosa la fikra ambalo naliona kuwa mama wa makosa mengine. Tunadhani gari limetengenezwa kama chupa, lisiingie tone. Sivyo. Gari limetengenezwa kama nyumba yenye mabati na mifereji: maji yanaruhusiwa kuingia mahali fulani, mradi yaonyeshwe njia ya kutokea. Mfano ulio wazi ni mlango. Raba iliyo chini ya kioo cha dirisha haizuii maji yote. Mengine hushuka ndani ya tumbo la mlango, nayo hutoka kwa vijitundu vilivyoachwa makusudi katika ukingo wa chini. Kinachoyatenga maji hayo na chumba cha abiria ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi nyuma ya pambo la mlango. Siku fundi anapofungua mlango ili atengeneze kioo au aweke spika, akiichana karatasi hiyo au akiirudisha bila gundi, mvua ijayo itapita hapo na kuteremka hadi chini ya miguu. Mwenye gari akiona maji, hutazama chini ya mlango, huona vile vijitundu, na kwa akili yake njema huviziba kwa silikoni! Sasa maji hayana pa kutokea. Mlango hujaa kama ndoo, huoza kutoka ndani, na yale yaliyokuwa yakiingia kidogo huingia mengi.

Mfereji wa chini ya wipa nao una adui wawili katika sehemu zetu. Wa kwanza ni mwarobaini. Shinyanga watu hupenda kuegesha magari chini ya mwarobaini kwa sababu ya kivuli chake, na majani yake ni membamba kiasi cha kupenya katika matundu ya ile plastiki. Wa pili ni vumbi jekundu la barabara za changarawe za Kahama, Bukombe na Geita. Majani na vumbi vikikutana na mvua ya kwanza hufanya tope. Tope likikauka kwa jua huwa tofali. Huko Japani na Ulaya ugonjwa huu huja na majira ya baridi, baada ya majani ya miti kupukutika na kuziba mifereji, na tena theluji inayong'ang'ania viatu huyeyuka juu ya kapeti. Magari mengi tunayoyatumia yalianzia maisha yake Japani, na vitabu vyake vya maelezo, kama havikupotea, vimeandikwa kwa Kijapani. Basi mtu humiliki gari miaka kumi asijue kwamba lina mifereji inayopaswa kusafishwa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: maji yametoka wapi? Vyanzo vinavyoshukiwa si vingi. Yaweza kuwa maji ya mvua. Yaweza kuwa maji ya kiyoyozi. Yaweza kuwa maji ya rejeta yaliyovuja kutoka katika kisanduku cha kupashia joto kilicho nyuma ya dashibodi. Au yaweza kuwa yameingia kutoka chini, gari lilipovuka dimbwi, kupitia matundu ya sakafu ambayo vizibo vyake vya mpira viling'olewa siku ya kuosha na havikurudishwa. Kila kimoja kina tabia yake.

Maji ya kiyoyozi ndiyo yanayowapotosha watu zaidi, kwa kuwa hayatoki mahali popote panapoonekana, yanatoka hewani. Hewa ya nyuzijoto 30 ikiwa imeshiba mvuke hubeba gramu 30 hivi katika kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzijoto 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na nusu. Tuseme ni mwezi wa Machi, hewa ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70. Kila mita ya ujazo imebeba gramu 21. Ikipozwa hadi nyuzi 10 ni lazima iache karibu gramu 12. Kipepeo kikivuta mita za ujazo 100 za hewa ya nje kwa saa, patapatikana zaidi ya lita moja ya maji kwa saa. Maji hayo yanapaswa kushuka kwa mpira mwembamba na kudondoka chini ya gari, na ndiyo yale tunayoyaona gari linaposimama. Mpira huo ukizibwa na vumbi, au na nyigu aliyejenga humo, maji hurudi ndani na kulowesha sakafu ya mbele, mara nyingi upande wa kushoto anapokaa abiria. Hivyo basi, siku yenye unyevu mwingi, ikiwa kiyoyozi kimefanya kazi dakika ishirini na chini ya gari pamebaki pakavu, mshukiwa amekwisha kujitaja.

Maji ya rejeta huacha ukungu wenye mafuta juu ya kioo cha mbele, huteleza vidoleni, na yakiwa na dawa ya rejeta huwa na harufu tamu na rangi ya kijani au nyekundu. Wanafunzi waonywe wasiyaonje kamwe, kwani dawa hiyo mara nyingi ni ethileni glaikoli, nayo ni sumu. Kwa bahati mbaya wengi wetu hujaza rejeta kwa maji matupu, hivyo rangi na harufu havitakuwapo. Itabidi kupima kina cha maji katika rejeta, injini ikiwa baridi, asubuhi hata asubuhi, na kuandika.

Hapa ndipo Shinyanga inapompa mchunguzi zawadi ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hana. Dar es Salaam mvua yaweza kunyesha karibu mwezi wowote, na kuwatenganisha washukiwa ni kazi ngumu. Shinyanga ina msimu mmoja wa mvua, na mwezi wa Julai mvua ni nadra mno. Ukikuta maji sakafuni mwezi wa Julai, mvua imekwisha kutolewa katika orodha kabla hujafungua hata parafujo moja. Tena hewa ya Julai ni kavu: unyevu ukiwa asilimia 30 kwa nyuzi 30, mita moja ya ujazo ina gramu 9 tu, hivyo kiyoyozi nacho hakina maji ya kutosha kulowesha kitu. Wanaobaki ni rejeta na ndoo ya muosha magari. Geita, iliyo karibu zaidi na Ziwa Victoria, hupata mvua nyingi kuliko Shinyanga, lakini kiangazi chake nacho chatosha kwa kazi hii.

Na kipupwe kina ushahidi mwingine. Usiku wa Juni au Julai joto la Shinyanga hushuka hadi nyuzi 15 au 16, na vioo vya gari lililo nje hupoa zaidi kwa sababu hupoteza joto kuelekea anga tupu. Hewa ikiwa kavu kama nilivyoeleza, kioo hakipaswi kupata umande upande wa ndani. Kikiupata kila asubuhi, wakati magari ya jirani ni makavu, maana yake mna maji yaliyojificha: mchana jua huyafanya mvuke kutoka katika sponji, usiku mvuke huo hurudi kuwa matone juu ya kioo. Gari hilo lilivuja tangu masika na halijakauka bado.

Ikithibitika kwamba maji ni ya mvua, hatua inayofuata ni kulitafuta tundu, na kanuni ya kwanza ni kwamba mahali palipolowa si lazima pawe ndipo penye tundu. Maji hufuata mshipa wa waya, hushuka ndani ya nguzo ya kioo, hupita chini ya kapeti kwa mteremko, kisha hutulia mbali. Mchimbaji anayeona maji yakidondoka ndani ya duara anajua kwamba ufa yanakotokea uko juu na huenda uko mbali. Sioni kwa nini mtu huyo huyo, akipanda gari lake, aanze kupaka gundi pale pale penye tone. Gari lililoegeshwa likiinamia mbele litalowa mbele hata kama tundu liko katikati ya paa, penye mshono wa bati ambao gundi yake imepasuliwa na jua, au penye skrubu za keria. Maji yakikutwa katika shimo la tairi la akiba, watazamwe kwanza washukiwa wa nyuma: raba za taa, matundu ya kupumulia yaliyo nyuma ya bampa, na raba ya buti.

Jaribio lenyewe halihitaji kifaa cha fedha nyingi. Gari likaushwe kabisa, pambo na kapeti vikiwa vimefunuliwa. Unga wa chaki usambazwe kwa wembamba juu ya bati, au karatasi za gazeti zitandikwe. Mmoja akae ndani na tochi. Mwenziwe nje ashike mpira wa maji usio na nguvu, aanzie chini kabisa, amwagie sehemu moja tu kwa dakika tano hadi kumi, kisha apande juu kidogo. Akianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hataweza kusema ni wapi yalipoingilia. Mashine ya kuoshea yenye nguvu isitumike, kwa kuwa husukuma maji hata katika raba nzima na kuleta ushahidi wa uongo. Njia ya maji itaonekana katika chaki kama mto katika ramani. Kitu kimoja kitengenezwe, kisha jaribio lirudiwe. Anayeziba mahali patano kwa mara moja na uvujaji ukakoma hajajua lolote.

Katika ukanda wa dhahabu, hata hivyo, kuna ushahidi unaopatikana kabla ya tone la kwanza, nao ni vumbi. Gari linalotembea katika barabara ya changarawe huvuta vumbi kupitia kila mwanya. Ukifungua mlango mwezi wa Septemba na kuikagua raba yake, mahali inapobana vizuri utaona mstari safi, na mahali inapolegea utaona ulimi wa wekundu ukielekea ndani. Mahali hapo, masika yakifika, hapana budi patiliwe shaka kwanza. Nakiri kwamba ushahidi huu una mipaka yake: vumbi huingia pia kwa matundu ya kupumulia yasiyopitisha maji, na tundu lililo chini ya gundi ya kioo cha mbele huenda lisionyeshe vumbi lolote. Lakini ni ushahidi wa bure, nao hupatikana wakati ambapo mtu ana miezi miwili ya kurekebisha mambo.

Sipendi lawama zote ziangukie mafundi. Wengi wao wana masikio na vidole vinavyojua mengi kuliko tunavyodhani. Tatizo ni malipo. Mteja hulipa kwa kile anachokiona: tyubu ya silikoni, raba mpya, kioo. Saa tatu za kukausha, kumwagia na kutazama, ambazo ndizo kazi yenyewe, hataki kuzilipa, na akiona fundi amekaa ndani ya gari na tochi hudhani anavuta muda. Maadamu tunalipa silikoni na hatulipi uchunguzi, tutaendelea kuuziwa silikoni.

Nayo shule? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona kwamba maziwa aliyoyatia katika jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alilipeleka maabara, na mwaka 1969 wakachapisha andiko ambalo wanasayansi wanalibishania hadi leo. Swali lilitoka jikoni. Sioni sababu ya lingine lisitoke chini ya kapeti la gari la shule.

Nimekwisha kusikia jibu la walimu: muhtasari ni mrefu, muda ni mfupi, na gari halimo katika mtihani. Ni kweli gari halimo. Lakini mvuke, umande, kanieneo na upimaji vimo, navyo hufundishwa kwa mchoro wa ubaoni. Tangu mwaka 2024 kidato cha kwanza kina mkondo wa amali kando ya ule wa jumla. Hofu yangu ni kwamba mikondo hii miwili itageuzwa ukuta: wa amali wafunzwe kupaka silikoni, wa jumla wafunzwe kukokotoa unyevu, na asiwepo anayejua vyote viwili. Jaribio nililolieleza lingeweza kufanywa na wanafunzi wa mikondo yote pamoja, kwa vipindi viwili mwezi wa Agosti, pakiwa na gari moja, ndoo, chaki, tochi na daftari la kuandikia tarehe, hali ya hewa, mwelekeo wa gari na mahali palipolowa. Betri ichomolewe kabla ya kumwagia, na mtu asiguse waya za njano chini ya viti, kwa kuwa hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Kapeti na sponji zianikwe hadi zikauke kabisa, wala zisirudishwe mpaka tundu limeonekana, limezibwa na limejaribiwa tena kwa maji.